Kozi za Ng'ombe na Fremu ya Baba

Mwaka wa tatu wa shahada ya famakolojia ndipo chuo kinapokuuliza kwa mara ya kwanza unapenda nini. Miaka miwili ya mwanzo unalishwa kozi za lazima tu: dawa inaingiaje mwilini, inakwenda wapi, inafanya nini ikifika, inatokaje. Ukichoka, pole. Halafu asubuhi moja mratibu wetu wa masomo akaingia darasani, akabandika karatasi ukutani, akatangaza kwa uso mkunjufu kwamba kila mmoja achague kozi mbili kati ya sita zilizoandikwa pale. Majina yafike ofisini kwake Jumatatu, na atakayechelewa atapangiwa.

Ungedhani watu wazima waliopewa uhuru wangekaa chini wafikiri. Wapi. Darasa zima lilipiga hesabu ileile: mwalimu gani anatoa alama kwa huruma, mtihani gani hauangukii Ijumaa mchana, na kozi ipi ina desa zuri, yaani noti za kurithi ambazo ukizikariri umemaliza kazi. Kwa hesabu hiyo, kozi ya biashara na usimamizi wa dawa ilipata majina kibao kabla ya chai ya saa nne. Vipodozi na dawa za ngozi ikafuata. Dawa za asili na majaribio ya dawa zikagawana waliobaki. Chini kabisa ya karatasi kulikuwa na mbili ambazo watu walizipita bila kusimama: dawa za mifugo, na sumu. Ya sumu ilifundishwa na mama mmoja mkali ambaye, kwa mujibu wa waliotutangulia, alicheka siku ya matokeo tu.

Mimi nilisimama pale chini. Nilikuwa nimeshaamua kitambo kwamba moja kati ya kozi zangu itakuwa dawa za mifugo. Nilichokuwa sijaamua ni namna ya kumwambia baba.

Jioni ile, kwenye chumba tulichopanga Ilomba, Mbeya, mwenzangu wa chumbani alinihoji huku akimenya ndizi. Yeye ni Mnyakyusa wa upande wa Tukuyu, na alikuwa amechagua vipodozi bila kupepesa jicho, kwa sababu kwao ana shangazi watatu wanaojichubua na amechoka kuwabembeleza bila ushahidi.

"Na wewe umeandika nini?"

"Sijaandika. Nataka dawa za mifugo."

"Mwe. Usome miaka yote hii uje umtibu ng'ombe?"

"Simtibu. Nasomea dawa anayopewa."

"Ng'ombe ana daktari wake. Andika biashara, tukae wote darasa la nyuma tusinzie." Akanitazama vizuri. "Au unamwogopa baba yako?"

Nikachukua kisu cha pili nikamsaidia kumenya. Alikuwa amegonga penyewe.

Baba yangu ni mfanyabiashara wa vitambaa Iringa mjini, si mbali na soko. Babu yake alipanda kutoka pwani akifuata biashara, na kwa jinsi baba anavyosimulia, alifika Iringa akaona baridi, akasema anapumzika kidogo halafu anarudi, na mpaka leo tupo. Duka limepita mikono mitatu. Ndani yake wamekua shangazi zangu, baba zangu wadogo, na mimi, nikilala mchana juu ya majora ya vitenge. Nilipopata nafasi ya chuo Mbeya, baba hakusema mengi. Alikwenda kwa mwenye nyumba akakodi fremu ya jirani, iliyokuwa saluni ya kunyolea, akaipaka rangi ya kijani kibichi aliyoiita rangi ya hospitali. Akapiga rafu ukuta mzima. Kila mteja aliyeuliza fremu ile ni ya nini aliambiwa ni duka la dawa la binti yangu, anamalizia masomo.

Nilijaribu kumweleza kwamba famakolojia na ufamasia si kitu kimoja, kwamba duka la dawa linahitaji mfamasia aliyesajiliwa. Akasema tutamwajiri. Nikamwambia kuna vibali. Akasema vibali vinaombwa. Baba ukimwambia kuna ukuta, anauliza mlango uko wapi. Kwa hiyo alipopiga simu wiki ile na kusikia kwamba sasa tunachagua kozi, alifurahi kwelikweli, na akauliza kama kuna ya biashara. Nikasema ipo. Akasema basi, Mungu mkubwa.

Ningechagua biashara bila kelele kama si Chimala.

Mwaka wa pili tulipelekwa kwenye mazoezi ya vitendo. Wenzangu waliwahi nafasi za hospitali. Mimi nilichelewa kuomba, nikaangukia duka la dawa za mifugo pale Chimala, barabarani, katikati ya magunia ya mchele. Nilikwenda nimenuna. Wiki ya kwanza ilikuwa ikielekea kuisha nikiwa bado nimenuna, ndipo akaingia mzee mmoja wa Kisukuma, mfugaji kutoka huko ndani Usangu, akanisalimia "mwangaluka", nikaitika "mwangaluka" kama nilivyofundishwa na mama mwenye duka, kisha akaanza kukohoa.

Nikampa kiti. Akakataa kiti, akakohoa tena, safari hii shingo ameinyoosha mbele na ulimi nje kidogo. Nikamwambia mama mwenye duka kwamba huyu baba apelekwe kituo cha afya. Mama akacheka mpaka akashika kaunta. Mzee hakuwa mgonjwa. Alikuwa akinionyesha ng'ombe wake anavyokohoa. Kumbe wafugaji wote hufanya hivyo, kwa sababu kuna kikohozi cha kifua na kikohozi cha koo, na maneno hayatoshi. Asubuhi ileile niliona mtu mzima mwingine, heshima zake zote, akichechemea kuzunguka duka ili nielewe ni mguu upi na unakanyagwaje. Kule kununa kukaniishia bila mimi kujua.

Shida ilikuwa kwenye kiasi. Mfugaji kule hatakuambia ana ng'ombe wangapi. Ukimuuliza anatazama barabarani, anasema wapo wapo. Si mchoyo wala hakwepi kodi. Kwake kuhesabu ng'ombe mbele za watu ni kuwatakia mabaya. Na mimi nimefundishwa darasani kwamba dawa ni kilo za mgonjwa mara kiasi, bila kilo hakuna dawa. Siku za kwanza niling'ang'ana, "Baba, ni kumi? Ni hamsini?" nikaona watu wanaaga kwa adabu wanaenda duka la jirani. Mama mwenye duka akanifundisha kuuliza kwa kuzunguka: mara ya mwisho ulibeba chupa ngapi, na zilibaki? Kwa uzito tuliwauzia utepe wa kuzungushia kifua cha ng'ombe, unaosoma kilo. Nikawa najisikia mjanja.

Kisha akaja mama mmoja na mtoto mgongoni. Walikuwa wamemchoma ng'ombe wao sindano ya ile dawa ya maji ya njano ambayo kila mfugaji anaijua, na alitaka kujua kama mtoto anaweza kunywa maziwa. Nikamsomea boksi: asinywe mpaka zipite siku kadhaa. Akaniuliza kwa nini, kwani dawa si kitu kizuri? Nikamweleza kadiri nilivyoweza, kwamba inabaki kwenye maziwa, na mtoto akiinywa kidogo kidogo, siku akiumwa kweli inaweza isimfae. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza, "Sawa. Inabaki kiasi gani? Na nikiyachemsha?"

Sikujua. Hakuna kozi ya lazima iliyogusa hapo. Nikamwambia nitakwenda kuuliza, akaitika, akaondoka na mtoto wake amelala. Sikujisikia vibaya, nilijisikia njaa. Toka siku ile nikawa nimepata kitu ninachotaka kukijua, na sijui kama wenye bahati hiyo ni wengi. Kwenye karatasi ile ya ukutani, jibu la yule mama lilikuwa ndani ya dawa za mifugo, mada ya mabaki ya dawa kwenye nyama na maziwa. Ndiyo maana nilisimama pale chini.

Basi mambo yalikuwa hivi. Nikichagua ng'ombe, namwambia baba kwamba fremu yake ya kijani siitaki. Nikichagua biashara na kozi nyingine inayoelekea huko, namaliza chuo, nakaa nyuma ya kaunta ya kijani, nauza dawa za kikohozi kwa watu wanaojua kusema wenyewe wanaumwa wapi. Kati ya hayo mawili, la pili liliniuma zaidi, ila la kwanza ndilo lililonikosesha hamu ya kula.

Nilimpigia mama. Mama akanisikiliza, akasema, "Hilo usimwambie kwa simu. Njoo. Na usije mikono mitupu."

Ijumaa nikapanda basi. Chimala liliposimama nikanunua mchele dirishani, kwa bei mbaya nadhani, maana muuzaji alinishukuru mara mbili. Njia nzima mpaka Makambako, na ule upepo wake, nilikuwa nikipanga maneno. Mimi ni mtoto wa dukani na nilijua baba haombwi kitu; baba unapatana naye bei. Ndivyo anavyoishi. Anapatana na wauza nyanya, na mafundi, na mashehe kuhusu urefu wa mawaidha. Na kupatana kwake kuna sheria mbili ambazo tulizijua kabla ya kujua kusoma. Ya kwanza, anza mbali na unapotaka kufika. Ya pili, ukitaja bei na mwenzako akasema "chukua", umenunua. Kurudi nyuma hapo ni utovu wa adabu, na baba amewahi kumkatalia mteja kuingia dukani kwa kosa hilo.

Kwa hiyo nikapanga kuanza mbali. Nilichotaka ni kozi moja ya mifugo, na ile nyingine awe nayo yeye, iwe biashara. Mazoezi ya kozi ya mifugo yana njia mbili: majuma machache kwenye maabara mjini, au likizo ndefu nzima Usangu, ukilala na kuamka na wafugaji. Mimi nilitaka ya maabara, nina mwili usiopenda mbu. Lakini ningemtajia baba kikubwa: kozi zote mbili, mifugo na sumu, na likizo yote Usangu. Angeshtuka. Angekata sumu, angekata Usangu, angeweka biashara yake, tungekutana katikati, naye angebaki na fremu na mimi ningebaki na ng'ombe. Niliona mpango wangu hauna tundu.

Jumamosi asubuhi nilimkuta dukani. "Shikamoo baba." "Marahaba mama, umepungua, Mbeya hawakupikii?" Mara akaingia mama wa makamo, wakasalimiana "kamwene, kamwene," na vita ikaanza. Mama alitaka kitenge cha bluu. Baba akataja bei, mama akashika kifua. Mama akataja yake, baba akamwomba Mungu amsamehe. Mama akatoka. Baba akakunja kitenge polepole bila kutazama mlangoni. Mama akarudi. Wakaulizana habari za watoto kwa Kihehe, wakacheka, wakarudi vitani. Walivutana kwa tofauti ndogo ambayo haikutosha hata kununua vitumbua, na walipomaliza wote wawili walikuwa wanang'aa usoni. Nikasema moyoni, leo yuko vizuri, atanibana sawasawa.

"Baba, nina jambo."

"Sema."

"Zile kozi. Nataka nichukue dawa za mifugo."

Akachukua mita yake ya mbao akaipangusa vumbi. "Moja hiyo. Ya pili?"

"Sumu."

"Sumu ya nini?"

"Sumu kwa ujumla. Za mashambani, za majani, dawa zinazozidi." Nikamalizia mzigo. "Na likizo ndefu sitakuja nyumbani. Nitakaa Usangu kwa wafugaji. Yote."

Nikasubiri ashike kifua. Nilikuwa na jibu la pili mdomoni na la tatu nyuma yake.

Baba akaweka mita mezani. "Chukua," akasema.

Nilidhani hajasikia. Nikamwambia si lazima zote mbili, baba, hii ya sumu naweza kuiacha, ipo ya biashara, ina faida zake. Akasema umeshataja. Nikamwambia hata Usangu si lazima yote, kuna maabara mjini, kuna kiyoyozi. Akasema umeshataja, mama, na mimi nimeshakubali, au siku hizi Mbeya mnafanyaje? Nikawa sina pa kutokea. Nilikuwa nimejiuzia mwenyewe muhula mzima na yule mwalimu asiyecheka, na likizo nzima na mbu wa Usangu, kwa bei ya kwanza, mimi mtoto wa dukani. Kozi ile ya sumu ilikuja kunitoa jasho mpaka nikasahau jina langu. Lakini pale dukani sikuwa nikiwaza jasho. Nilikuwa nimepata nilichokijia na zaidi, na nilikuwa na hasira.

Kwa sababu yule mama wa kitenge alibishiwa. Kitenge cha bluu kilibishaniwa asubuhi nzima. Mimi, mtoto wake, na fremu aliyoipaka rangi kwa mkono wake, na miaka yote aliyowatangazia wateja, nimeondoka kwa neno moja. Nilikuja nikiogopa atanizuia, na sasa roho iliniuma kwamba hakunizuia hata kidogo.

"Na fremu?" nikauliza.

"Fremu ina mlango na rafu. Yuko fundi cherehani anaitaka. Atatundika nguo."

"Rangi ya hospitali?"

"Atazoea."

Alisema hivyo huku anapanga upya majora ambayo yalikuwa yamepangika. Nikaona mikono yake haiendi haraka kama siku zote. Hapo nikajua kwamba imemgharimu, na nikajua pia kwamba hataki nione. Ningekuwa mtu wa busara ningenyamaza. Mimi si mtu wa busara.

"Baba, unapatana bei na kila mtu. Mpaka muuza nyanya unamtoa machozi. Mbona mimi hukunipunguzia hata kidogo?"

Akageuka. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jambo ambalo halina haja ya kuulizwa.

"Napatana bei ya vitu vya kuuza, mama."

Nikalia. Sikulia kwa uzuri wala kwa siri. Nililia kwa sauti, nimeegemea majora ya vitenge, mpaka mteja aliyekuwa akija akabadili njia. Baba hakunibembeleza, si kawaida yake. Alinisogezea kiti, akafunga nusu ya mlango ili watu wapite zao, akasimama pembeni amekunja mikono mpaka nikaishiwa machozi. Kisha akakohoa kidogo, kikohozi cha koo si cha kifua, akaniuliza hao ng'ombe wa Usangu sindano huchomwa wapi, shingoni au pajani.

Nikamwambia inategemea dawa, ila nyingi ni shingoni, na kuna mahali pake, si popote tu. Akasema wapi. Nikajifuta uso, nikasimama, nikamwonyesha kwenye shingo yake mwenyewe, chini ya kola ya shati, naye akainamisha kichwa na kutulia mpaka nilipomaliza kueleza.